Diwani hapandishi nauli: kweli na uongo kuhusu kodi ya majengo na daladala

Mgombea udiwani akipanda jukwaani, maswali mawili humsubiri karibu kila kata ya mjini: kwa nini umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla, unakatwa kodi, na kwa nini daladala inakatisha ruti na kushusha watu njiani. Naye, kwa kuwa kura hazipatikani kwa kusema "hilo si langu", huahidi yote mawili. Akishachaguliwa huyapeleka barazani, mkurugenzi hujibu kwa upole kwamba mambo hayo yana mamlaka yake, na mtaani watu huhitimisha kuwa diwani wao amelala. Huenda amelala kweli. Lakini kabla ya kumhukumu tuyatenganishe yaliyo mikononi mwake na yaliyo mikononi mwa wengine. Tuiweke akilini Tanga, kwa sababu ni jiji dogo: sensa ya 2022 ilihesabu huko watu wasiofika 400,000, mwendokasi haupo, na asiyetembea kwa baiskeli yake hutegemea daladala, bajaji au bodaboda.

"Baraza la madiwani ndilo linalopanga kodi ya nyumba."

Uongo, ingawa zamani ilikuwa karibu na kweli. Sheria ya mwaka 1983 iliziachia mamlaka za miji kazi ya kuthamini majengo, kutunza daftari la thamani na kutoza. Kazi hiyo iliwashinda wengi. Wathamini walikuwa wachache, nyumba zisizopimwa zilikuwa nyingi, na mji ulikua haraka kuliko daftari. Julai 2016 ukusanyaji ukaanza kuhamia Mamlaka ya Mapato, TRA, na viwango vikawa vya mkupuo, vinavyopitishwa na Bunge ndani ya Sheria ya Fedha. Kabla ya LUKU nyumba ya kawaida ililipiwa Sh10,000 kwa mwaka. Agosti 2021 kodi ikaingizwa kwenye umeme: Sh1,000 kila mwezi kwa nyumba ya kawaida, na kwa ghorofa za mijini Sh5,000 kwa kila sakafu. Mwaka 2023 viwango hivyo vikapanda hadi Sh1,500 na Sh7,500.

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichopigiwa kura na madiwani wa Tanga, wala wa Mbeya, wala wa Arusha. Anayeahidi kukupunguzia kodi hiyo akiwa na fomu ya udiwani mkononi anagombea kiti kisichokuwa na rungu hilo. Mwenye kura bungeni ni mbunge, ambaye naye ni mjumbe wa baraza la madiwani la eneo lake. Kwa hiyo wa kuulizwa huwa ukumbini humo humo, pale anapohudhuria.

"Mwenye nyumba ya kifahari analipa zaidi."

Nusu yake ni kweli. Mwenye ghorofa analipa zaidi ya mwenye nyumba ya chini. Thamani, hata hivyo, haiulizwi. Jumba la chini lenye vyumba vinane, bustani na bwawa la kuogelea kule Raskazone, karibu na bahari, linadaiwa Sh18,000 kwa mwaka. Nyumba ya vyumba viwili vya tofali za saruji huko Pongwe inadaiwa Sh18,000 ile ile. Kiwango cha mkupuo kilisifiwa kuwa ni nafuu, na kwa urahisi wa kukusanya ni nafuu kweli: hakuna mthamini, hakuna foleni, hakuna mtu wa kuhongwa ili thamani ishuke. Lakini ukiipima nafuu hiyo kwa fedha, sehemu kubwa imekwenda kwa mwenye jumba, ambaye chini ya utaratibu wa thamani angelipa mara nyingi zaidi ya jirani yake wa Pongwe. Sijasikia mgombea yeyote akilisema hilo jukwaani.

"Anayenunua umeme ndiye mwenye deni."

Uongo, tena ndio ulioleta ugomvi mwingi kati ya wapangaji na wenye nyumba. Mdaiwa kisheria ni mmiliki wa jengo. LUKU ni njia ya kukusanyia tu, na TANESCO ni wakala. Mpangaji aliyekatwa ana haki ya kurudishiwa au kuhesabiwa kwenye pango, na Serikali ilitamka hivyo tangu utaratibu ulipoanza. Wangapi wanathubutu kumwambia baba mwenye nyumba "nimekata elfu kumi na nane kwenye kodi yako" ni suala jingine.

Angalia na idadi ya mita. Nyumba moja ya kawaida yenye mita tatu, kila mita ikikatwa, inamaliza mwaka ikiwa imelipa Sh54,000 badala ya Sh18,000. Hilo hurekebishwa kwa kutoa taarifa ili mita moja tu ibebe kodi ya jengo. Na usishangae ukiona Sh4,500 zimeondoka siku moja: usiponunua umeme kwa miezi kadhaa, deni linalimbikizwa na kukatwa lote utakaponunua.

"Wazee wamesamehewa."

Kweli, lakini mita haijui umri wa mtu. Mwenye miaka 60 au zaidi anasamehewa kwa nyumba moja, ile anayoishi mwenyewe. Akiwa na nyingine ya kupangisha, hiyo inalipiwa kama kawaida. Nyumba za udongo na za nyasi nazo hazimo, wala majengo ya ibada yasiyofanyiwa biashara. Msamaha hauji wenyewe, huombwa, na mlolongo wake huanzia ofisi ya serikali ya mtaa. Hapo ndipo diwani mwenye haya na watu wake angeweza kufanya kazi ya maana bila kusubiri Bunge: kukaa na watendaji wa mitaa, kuorodhesha wazee wa kata, na kuwasindikiza katika kuomba msamaha huo. Haihitaji fungu la bajeti.

"Kodi ya majengo na kodi ya ardhi ni kitu kimoja."

Uongo. Kodi ya pango la ardhi ni ya kiwanja chenye hati na inasimamiwa na Wizara ya Ardhi. LUKU haiigusi. Unaweza kuwa umekatwa kila mwezi bila kukosa na bado ukaletewa ilani ya deni la kiwanja.

"Madiwani ndio waliopandisha nauli."

Uongo. Nauli za daladala hupangwa na LATRA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 kurithi kazi za nchi kavu za SUMATRA, na ndiyo inayotoa leseni za ruti. Desemba 2023 nauli ya mtu mzima kwa safari isiyozidi kilomita 10 ilitoka Sh500 kwenda Sh600. Baraza linaweza kutoa maoni kama mdau mwingine yeyote. Kwa bodaboda na bajaji mambo ni tofauti kidogo, kwa sababu kwa miaka mingi kazi ya leseni zake imekuwa ikikasimiwa kwa halmashauri, na vijiwe vyake hupangwa na mji wenyewe.

"Nauli ya mwanafunzi ni hisani ya konda."

Uongo, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo maana nzima ya neno nafuu inapoonekana. Nauli ya mwanafunzi, Sh200, ni amri ya LATRA. Ilipopanda ya mtu mzima mwaka 2023, ya mwanafunzi iliachwa palepale. Kwa mzazi wa watoto watatu huo ni msaada mkubwa kuliko punguzo lolote la kodi ya nyumba analoweza kuliota.

Tatizo liko upande wa pili wa hesabu. Dereva amekabidhiwa gari kwa hesabu ya siku: jioni tajiri anataka fedha yake, awe amebeba watu wazima au watoto. Kiti alichokalia mwanafunzi kimempa theluthi moja ya nauli, na theluthi mbili zilizobaki hakuna anayemfidia, si Serikali Kuu wala halmashauri. Kwa hiyo anafanya ambacho kila mmoja wetu amekiona: anapunguza mwendo kituoni, anaziona sare, anaongeza mwendo. Konda akizuia mlango kwa mkono watu humwita katili, na wakati mwingine ni katili kweli. Lakini nafuu hiyo ilitolewa na mamlaka, na bili yake ikapelekwa kwa deiwaka ambaye hata mkataba hana. Kumpiga faini peke yake hakujazi pengo lile. Asubuhi ya kesho atakuwa na hesabu ile ile, na sasa ana deni la faini juu yake.

"Mji mdogo hauwezi kugharamia usafiri wake."

Uongo, na ushahidi si wa kubahatisha. Corvallis, mji wa jimbo la Oregon nchini Marekani, una watu karibu 60,000, yaani Tanga ingeumeza mara sita. Februari 2011 baraza la mji huo lilifuta nauli kwenye mabasi yake. Fedha zilitoka kwenye tozo ndogo ya kila mwezi inayoongezwa kwenye ankara ya huduma za mji, ile ya maji na majitaka. Kiwango chake hakikubuniwa hewani: kinafuata wastani wa bei ya petroli, kwa hiyo mafuta yakipanda, mfuko wa mabasi nao unapanda, wakati ule ule watu wanapoacha magari nyumbani. Tozo hiyo ilichukua nafasi ya nauli, na pia ya fedha zilizokuwa zikitoka kwenye mfuko mkuu wa mji, ambao hutegemea sana kodi ya majengo. Oregon imeifunga kodi hiyo kwa sheria: tangu 1997 thamani inayotozwa kwa nyumba ya kawaida haiongezeki zaidi ya asilimia 3 kwa mwaka. Baraza lilijua kwamba upande huo hakuna cha kukamua.

Msomaji wa Tanga ataona kufanana mara moja. Huko wameweka basi kwenye ankara ya maji, huku tumeweka nyumba kwenye umeme. Tofauti ni kwamba mkazi wa Corvallis anayelipa tozo ile anaona basi linapita mbele ya mlango wake. Mlipaji wa LUKU akiulizwa Sh1,500 zake za mwezi uliopita zimefanya nini mtaani kwake, hana jibu, na diwani wake pia hana.

Nisiipambe kupita kiasi. Hasselt, mji wa Ubelgiji, ulifuta nauli mwaka 1997 na kuzirudisha mwaka 2013 gharama zilipoulemea. Dunkirk ya Ufaransa ilianza Septemba 2018 na inaendelea. Kila mahali swali lilikuwa moja tu: nani analipa, na kwa njia ipi.

Wala tusijifanye kwamba mji kuwa na mabasi yake ni jambo geni kwetu. UDA, shirika la mabasi la Dar es Salaam, ilianzishwa mwaka 1974, na kwa miaka mingi Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilishika asilimia 51 ya hisa zake, Serikali Kuu zilizobaki. Mabasi yalipopungua na vipuri vikaadimika, watu binafsi wakaruhusiwa rasmi mwaka 1983, na daladala ikachukua mji. Baadaye ukaja mwendokasi, ulioanza kubeba abiria Mei 2016 chini ya wakala wa Serikali, DART. Somo la UDA linajadiliwa hadi leo, lakini hadithi ya kwamba jiji la Tanzania halijawahi kumiliki basi haina msingi.

"Mashimo ya barabara ya mtaa ni kazi ya diwani."

Uongo tangu Julai 2017, TARURA ilipoanza kazi na kuzichukua barabara za mijini na vijijini zilizokuwa za halmashauri. Diwani anaweza kudai, kufuatilia na kupiga kelele, lakini katapila si lake. Mwaka 2021 iliongezwa Sh100 katika kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara hizo, kwa hiyo abiria wa daladala anachangia shimo lizibwe kila dereva anapojaza tangi.

"Basi baraza halina nguvu yoyote kuhusu usafiri."

Uongo mkubwa kuliko yote yaliyotangulia. Stendi ni za halmashauri. Zijengwe wapi, zitoze ushuru gani, nani apewe kibanda, soko lihamie upande upi na kituo kikae umbali gani kutoka sokoni: hayo hupita mikononi mwa madiwani. LATRA hutoa ruti, lakini ruti lazima ianzie na kuishia mahali, na mahali hapo hupangwa na mji.

Fanya hesabu. Kodi ya nyumba ya kawaida ni Sh18,000 kwa mwaka. Nauli ya Sh600 ukiigawa humo unapata safari 30. Stendi ya mabasi ya mikoani ikihamishwa kutoka katikati ya mji kwenda pembezoni, kama ilivyokuwa Tanga ilipopelekwa Kange, au Dar es Salaam ilipotoka Ubungo kwenda Mbezi mwaka 2021, muuza chakula na mpiga debe waliokuwa wakitembea kwa miguu kwenda kazini sasa wanapanda gari, kwenda na kurudi. Kwa siku tano za wiki, katika wiki tatu tu wamemaliza kodi ya nyumba ya mwaka mzima, na mwaka bado una wiki 49. Huenda uhamisho ulikuwa na sababu nzuri, foleni na msongamano si mzaha. Lakini uamuzi huo unapopita barazani huitwa mradi, na gharama yake mfukoni mwa abiria haiandikwi popote.

Ushuru wa stendi nao hutozwa kwa sheria ndogo. Kabla haijapitishwa, halmashauri inapaswa kutangaza kusudio lake ili wakazi walete pingamizi, na baadaye inahitaji idhini ya waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI. Mikutano ya baraza hufanyika kila robo ya mwaka na mwananchi anaruhusiwa kuingia akae asikilize. Tangazo hubandikwa ofisi ya kata, mara nyingi nyuma ya tangazo la chanjo. Pingamizi huandikwa kwa mkurugenzi, na wala si lazima liandikwe na mwanasheria. Konda anaweza.