Joho Jeusi na Kifungu cha 13

Hadithi, hadithi! Hadithi njoo. Utamu uje, ila uongo leo ubaki nje, maana ninayowasimulia yamo kwenye kumbukumbu za mahakama.

Tuseme hapa Ifakara kuna mapacha, Kulwa na Doto. Kulwa mvulana, Doto msichana. Wamezaliwa usiku mmoja, wanasoma darasa moja, na mpunga ukianza kushika punje wote wawili hupanda dunguni kuamia ndege. Wakifikisha miaka 15, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inawatenganisha. Kifungu cha 13 kinamtaka Kulwa asubiri hadi atimize 18. Doto anaweza kuozwa mwaka huohuo, baba akiridhia. Mahakama ikitoa kibali, hata akiwa na miaka 14.

Mwaka 2016, Rebeca Gyumi, mwanaharakati kijana wa haki za wasichana, aliamua kuipinga sheria hiyo. Akiwakilishwa na wakili Jebra Kambole, alifungua shauri Mahakama Kuu, Dar es Salaam. Mjibu maombi alikuwa nani? Mwanasheria Mkuu wa Serikali!

Pengine mkisikia wakili mnamwona mtu wa joho jeusi anayenguruma mpaka shahidi anatokwa jasho. Shauri la Katiba haliendi hivyo. Husikilizwa na majaji watatu, na kazi kubwa iko kwenye karatasi: maombi, hati ya kiapo, kisha hoja. Wakili hushika maneno ya sheria moja akayapambanisha na ya nyingine. Katiba, Ibara ya 13, inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Sasa msome tena kile kifungu cha ndoa. Ikiwa mapacha wote wawili ni watoto, na wote ni sawa, mbona mmoja anaachwa asome na mwingine anaruhusiwa kupelekwa kwa mume?

Tarehe 8 Julai 2016 majaji walitamka kwamba kifungu cha 13, pamoja na cha 17 kinachohusu ile ridhaa ya baba, vinakiuka Katiba. Serikali ikapewa mwaka mmoja kuvirekebisha.

Serikali haikuridhika, ikakata rufaa. Miongoni mwa hoja zake, ilidai kuwa tofauti ile ya umri inamkinga binti asipate mimba nje ya ndoa. Mahakama ya Rufani, ambayo ndiyo ya juu kabisa nchini, ikaitupilia mbali rufaa hiyo tarehe 23 Oktoba 2019.

Mwaka uliofuata Kambole alishinda tena, safari hii mlalamikaji akiwa yeye mwenyewe. Katiba yetu inazuia mahakama kuchunguza uchaguzi wa Rais baada ya mshindi kutangazwa. Tarehe 15 Julai 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilisema katazo hilo linavunja haki za raia.

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Hudhani wakili akishinda, mambo yamekwisha. Lakini hakimu na jaji hawatungi sheria. Anayetunga ni Bunge. Ule mwaka mmoja Serikali iliopewa kurekebisha sheria ya ndoa uliisha, na hata baada ya hukumu ya rufaa miaka iliendelea kupita bila kifungu cha 13 kuandikwa upya. Hukumu humpa mtu silaha, na silaha hutaka mikono ya kuitumia.

Mikono hiyo ni pamoja na yenu. Tangu mwaka 2016 Sheria ya Elimu inasema wazi: kumuoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari ni kosa, na kifungo chake chaweza kufika miaka 30. Kwa hiyo mkisikia mahari ya mwanafunzi mwenzenu inajadiliwa, msinong'onezane tu njiani. Mwambieni mwalimu, au nendeni Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi. Na asiye na fedha za wakili aombe msaada wa kisheria, ambao una sheria yake tangu mwaka 2017. Hautozwi hata senti.