Kimya cha wanaume nacho hupunja mizani

Vugiri, wilayani Korogwe, iko katika Milima ya Usambara, eneo linalojulikana kwa kilimo cha chai. Katika kazi ya kuchuma chai, ujira mara nyingi hutegemea kilo. Kwa hiyo dharau inayotolewa kwenye mizani si maneno matupu, ni fedha.

Chukulia mama aliyechuma kilo 30. Karani anaandika 29. Mama akihoji, anajibiwa: "Mama, hesabu waachie wanaume." Foleni inacheka, naye anaondoka. Kwa siku 24 za kazi amepoteza kilo 24, karibu uchumaji wa siku nzima.

Hapo ndipo mwanamume aliye kwenye foleni anapohitajika. Si lazima agombane, wala amsemee mama huyo. Inatosha aseme: "Karani, rudia kupima, sote tuone." Mzaha usiochekewa hufa wenyewe. Tena anajilinda mwenyewe, kwani karani aliyezoea kumpunja mama leo, kesho atampunja baba.

Mikutano ya vikundi vya wakulima nayo ina mizani yake. Mwanamke akitoa wazo hupita kimya. Mwanamume akilirudia hupigiwa makofi. Mwenyekiti anaweza kusema tu: "Hoja hiyo ni ya mama yule, tumsikilize amalizie." Kufagia ukumbi na kuchemsha chai kuwe kwa zamu ya wote, na vivyo hivyo kushika kitabu cha mahesabu.

Sheria ipo upande wao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi wa jinsia kazini na kuhesabu unyanyasaji wa namna hiyo kuwa ubaguzi. Sheria hiyo hiyo inampa baba aliyeajiriwa likizo isiyopungua siku 3 mtoto wake anapozaliwa. Akiichukua bila haya, anawaonyesha wenzake kwamba malezi si kazi ya mama peke yake.

Aidha, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka baraza la ardhi la kijiji liwe na wajumbe 7, wanawake wakiwa si chini ya 3. Lakini kiti bila sauti hakiamui shauri. Wajumbe wanaume wasipowakatiza wenzao, mjane anayedai shamba lake atasikilizwa na baraza zima, si nusu yake.