Yapunguzieni Maji Mwendo

Miaka kadhaa iliyopita nilirudi kwenye mtaa mmoja hapa Dar es Salaam kuangalia mtaro niliousanifu mwenyewe. Ulikuwa mtaro wa zege, umenyooka, kuta zake hazina hata ufa. Mvua za masika zilikuwa zimeanza wiki mbili nyuma, na kule juu ulikoanzia watu walinishukuru kwa sababu barabara zao hazikutuama maji tena. Nikashuka nao taratibu hadi mwisho. Nyumba ya mwisho kabla ya mto ilikuwa ya bibi mmoja. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akanionyesha alama ya tope ukutani. Ilinifika kiunoni.

"Mwanangu," akasema, "mtaro wenu mzuri, sina neno nao. Ila zamani maji yalikuwa yanapiga hodi. Siku hizi yanaingia tu."

Nilimwelewa palepale, na nikaumia. Zamani mvua ikinyesha, maji yalianza kuchuruzika uani, yakapanda kidogo kidogo, naye akapata nafasi ya kuinua godoro, kupandisha unga juu ya kabati na kuwatoa wajukuu. Baada ya mtaro wangu, mvua ileile ilimfikia kwa mkupuo mmoja. Maji ya majirani wa juu nilikuwa nimeyaondoa kweli, nikayapeleka kwake, tena mbio.

Kila masika watu huniuliza kwa nini tusichimbe tu mitaro mikubwa zaidi jiji zima. Jibu langu lilianzia ukutani pale kwa bibi, na nitalieleza kwa hesabu ambayo mtu yeyote anaweza kuifanya akiwa kibarazani kwake.

Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Basi chukua kiwanja cha kawaida cha mita 20 kwa 30, yaani mita za mraba 600. Ikinyesha milimita 50 kwa saa moja, mvua ambayo wakazi wa pwani wanaijua vizuri, kiwanja hicho kimepokea lita 30,000. Kama kina mwembe, majani na mchanga wetu wa pwani unaokunywa maji, sehemu kubwa itazama ardhini. Nikikadiria kuwa asilimia 15 tu ndiyo inayotoka getini, hiyo ni lita 4,500. Sasa jenga nyumba yenye paa pana, kata mwembe, tandaza matofali ya pevingi kuanzia ukuta hadi ukuta ili ua upendeze na tope lisiingie ndani. Mwaka unaofuata, kwa mvua ileile, asilimia 90 inatoka: lita 27,000. Ni karibu maboza matatu ya lita 10,000, yamefunguliwa mlangoni kwako ndani ya saa moja.

Mtaa wa viwanja 200 vya namna hiyo ulikuwa ukitoa lita 250 kwa sekunde. Baada ya pevingi unatoa lita 1,500 kwa sekunde. Mbingu haijabadilika. Hesabu hii sisi wahandisi tumeitumia zaidi ya miaka mia moja kupimia mitaro, na ina upungufu wake, lakini kwa eneo dogo la mjini inasema kweli kiasi cha kutosha.

Kuna jambo la pili ambalo hesabu hiyo pekee hailionyeshi, nalo ndilo lililomwingilia bibi ndani. Ni muda. Fikiria Barabara ya Morogoro saa kumi na moja jioni. Magari yaleyale yangepita kila moja kwa saa yake, kusingekuwa na foleni. Foleni inatokea kwa kuwa ofisi zote zimefungwa kwa wakati mmoja. Maji nayo yako hivyohivyo. Tone lililoanguka kona ya mbali kabisa ya mtaa huchukua dakika fulani kufika mwisho wa mtaro. Zamani lilipita kwenye majani, likazunguka shina, likalala kidogo kwenye kidimbwi, likaendelea. Mvua kali sana huwa haidumu. Inapiga dakika 15 au 20, kisha inalegea. Kwa hiyo maji ya mbali yalipofika chini, ya karibu yalikuwa yamekwisha kupita zamani. Ukilainisha njia yote kwa zege, maji ya mbali yanawahi, yanakutana na ya karibu mlangoni kwa yule wa mwisho, na mvua ya robo saa ambayo haikuwa na madhara inageuka mafuriko.

Hapo ndipo mtaro mkubwa unapotoa kwa mkono mmoja na kunyang'anya kwa mwingine. Mitaro tunaihitaji, nami nitaendelea kuisanifu, kwa maana barabara isiyo na mtaro haimalizi masika mawili. Ila mtaro peke yake ni chombo cha kusafirisha tatizo, na jijini kwetu safari nyingi za maji zinaishia sehemu moja.

Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, unapokea vijito kutoka pande za Ubungo na Sinza, unapita Kigogo, unafika Jangwani, kisha unamwagika baharini kwenye mikoko ya Salenda. Sensa ya 2002 ilihesabu mkoa wa Dar es Salaam watu wasiofika milioni 2.5. Ya 2022 ilihesabu 5,383,728. Katika miaka hiyo 20, paa na saruji vimepanda hadi juu vilimani, na kila paa jipya limeongeza zigo la mto uleule.

Ufike Jangwani uone tabu ya mto huo. Mteremko umekwisha, ardhi ni tambarare, maji yamechoka kukimbia. Maji yakipunguza mwendo hutua mzigo yaliyoubeba, na mzigo wa Msimbazi ni mchanga: udongo wa vilima vilivyokatwa miti, wa barabara za vumbi, wa kingo zinazochimbwa na wauza mchanga. Kitanda cha mto kinapanda, nafasi chini ya daraja la hapo inapungua. Kisha kuna bahari. Siku za bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa pwani yetu hupita mita 3, na mvua kubwa ikikutana na maji yaliyojaa, mto hauna pa kwenda. Unasubiri, na unasubiria majumbani mwa watu. Wavuvi wanajua kalenda ya bamvua bila kuandika. Ningependa kila anayetoa tahadhari za mafuriko aijue hivyohivyo.

Desemba 2011 tulionyeshwa mambo haya yote kwa pamoja. Mvua iliyonyesha siku zile ilitajwa kuwa kubwa kuliko zote tangu 1954, watu wapatao 40 walipoteza maisha, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Wengine walirudi. Sikuwahi kuwalaumu. Mtu anayefanya vibarua Kariakoo hawezi kulala Mabwepande, akalipa nauli na bado akabaki na hela ya chakula. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na naikubali, lakini mkazi wa bondeni amebebeshwa sheria hiyo peke yake ilhali maji yanayomzamisha yametoka kwenye viwanja halali vyenye hati, huko juu, ambako hakuna anayeulizwa ametoa lita ngapi.

Basi tuanzie huko juu. Paa la mita za mraba 150 likipigwa na milimita 50 linatoa lita 7,500. Tangi la lita 5,000 lingeshika theluthi mbili ya maji hayo, na watu wengi wanalo tayari. Shida ni kwamba tangi lina kazi mbili zinazogombana. Mwenye nyumba analitaka lijae, apate maji ya kufulia. Mto unalitaka liwe tupu, lipokee mvua inayokuja. Mvua ya kwanza ya masika inalijaza, na kuanzia ya pili yote inamwagika juu na kuelekea barabarani kana kwamba hakuna tangi. Dawa yake ni rahisi mno: toboa tangi katikati ya kimo chake, weka bomba jembamba la nusu inchi, uliache wazi siku zote za mvua. Nusu ya chini inabaki yako. Nusu ya juu inajaa wakati wa mvua kali kisha inajimwaga polepole kwenye bustani kwa saa kadhaa, mto ukiwa umekwisha kupumua, na kesho yake ina nafasi tena. Nyumba moja ikifanya hivyo haitabadilisha kitu. Mtaa wa nyumba 200 ukifanya, lita 500,000 zimeshikwa katika zile dakika mbaya.

Uani nako, acha ukanda wa udongo. Sisemi ung'oe pevingi yote. Mita mbili kando ya ukuta, zishushwe kidogo kuliko ua ili maji yaingie humo badala ya kuruka getini, zipandwe majani au migomba. Penye mchanga mwingi unaweza kuchimba shimo la kunyonya, ukalijaza kokoto. Hapa lakini lazima nitoe onyo, kwa sababu nimeona ushauri huu ukigawiwa kama peremende. Msasani na Mikocheni kuna sehemu ambazo ukichimba kidogo tu umeshayakuta maji. Shimo la namna hiyo litajaa kabla mvua haijaanza. Na penye vyoo vya shimo na visima karibu karibu, kuyasukuma maji ardhini ni kuyachanganya na yasiyochanganyika. Huko msaada mkubwa ni tangi. Jina la mtaa nalo linafaa kusikilizwa: waliouita Msasani Bonde la Mpunga hawakuwa wakitunga mashairi, walikuwa wakieleza ardhi ilivyo.

Kwa upande wa mto wenyewe, nina matumaini zaidi kuliko niliyokuwa nayo miaka kumi iliyopita. Mradi wa Bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliidhinisha fedha zake 2022, unakusudia kuinua daraja la Jangwani na kuligeuza bonde kuwa eneo la wazi, lenye bustani, ambalo limekubaliwa toka mwanzo kwamba litafunikwa na maji siku za mvua kubwa. Rotterdam, huko Uholanzi, kuna kiwanja cha Benthemplein kilichofunguliwa 2013: siku za kawaida vijana wanacheza mpira wa kikapu humo, mvua kubwa ikija kinakuwa bwawa kwa muda. Sisi tulikuwa na vya namna hiyo bila kuvijenga. Waulize mashabiki wa Yanga, hao Wana Jangwani, maji yalivyowahi kukitawala kiwanja chao cha Kaunda pale Jangwani. Hofu yangu ni ya kiangazi. Bonde lililokauka miezi kadhaa huonekana kama ardhi iliyolala, na atatokea mtu mwenye barua na michoro kuomba kipande kidogo tu, kando kidogo tu, cha maegesho au ghala. Kila lori la kifusi linalomwagwa humo linachukua nafasi ya maji, na maji hayo yataitafuta nafasi nyingine upande wa pili.

Na mitaro tuliyonayo? Hananasif, kuanzia 1994, wakazi wenyewe walishiriki kujenga mitaro na barabara za mtaa wao, wakilipwa kwa kazi yao, kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani na wafadhili wengine. Ninachokithamini zaidi pale ni kwamba aliyejenga alijua mchanga unajaa wapi, kwa sababu anapita hapo kila siku. Mchanga ndio ugonjwa ninaouona kila ninapofunua mfuniko. Mtaro wa upana wa mita moja na kina cha sentimita 80 ukijaa mchanga hadi nusu, watu hudhani umebaki na nusu ya uwezo. Kwa hesabu yangu unabaki na asilimia 40, na kwa kuwa sakafu sasa ni mchanga unaokwaruza badala ya zege laini, inashuka hadi kama 30. Ongeza chupa na nepi kwenye mdomo wa kalavati, umebaki na mtaro wa jina.

Kwa hiyo viongozi wa serikali za mitaa wanaponiuliza wafanye nini kwa fedha kidogo, nawaambia wazibue Februari, kabla ya masika, waanzie chini kwenye mto wakipanda juu, ili wanachokizibua kipate pa kutokea. Waliozibua juu kwanza wamemletea jirani wa chini mafuriko kabla hata ya Machi. Na kuna kosa moja ninalolikuta karibu kila mtaa, linalofanywa na vijana waliotoka jasho kweli: mchanga unatolewa mtaroni na kurundikwa ukingoni, tuta refu safi, ukisubiri gari litakalokuja wiki ijayo. Mvua ya kwanza ya usiku inaurudisha wote ndani. Itafuteni gari kwanza, hata kama ni guta, halafu ndipo mshike koleo.