Kericho si Doha: Tujenge nyumba za kututia joto

Wahenga walinena kuwa kipya kinyemi ingawa kidonda. Niliikumbuka methali hiyo majuzi, pale mpwa wangu afanyaye kazi Doha aliponipigia simu usiku kunieleza habari za nyumba anayonuia kuwajengea wazazi wake karibu na Litein. "Mjomba," akaniambia, "nimeamua. Nyumba itakuwa na kiyoyozi cha nyumba nzima. Mtambo mmoja utakaa nje, mifereji ya hewa itapita juu ya dari, na kila chumba kitakuwa na tundu lake. Mama atabonyeza tu kidude, achague sehemu ya kupuliziwa na sehemu ya kufungwa."

Nikamwuliza: mama yako atabonyeza ili apate nini?

Msomaji mpendwa, mtambo huo si muujiza kwetu sisi wa nchi ya majani chai. Aliyewahi kuingia katika kiwanda cha chai amekwisha kuuona ndugu yake. Majani mabichi hutandazwa katika vihori virefu vyenye wavu, na feni kubwa husukuma hewa kutoka chini ili yanyauke kwa saa nyingi kabla ya kusagwa. Siku ya mvua, hewa hiyo hutiwa joto la boila. Ni wazo lile lile: hewa ya chombo kimoja kugawanywa kwa njia nyingi, na kila njia kuwa na mlango wake.

Lakini kila chombo na mahali pake. Doha wakati wa kiangazi kipimajoto hupita nyuzi 40, na asiye na kiyoyozi huko yumo taabuni. Mji wa Kericho umekaa kwenye kimo cha meta 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari. Mchana hali ya hewa ni ya nyuzi 23 au 24, na usiku aghalabu hushuka hadi karibu nyuzi 10. Mvua hunyesha takriban kila mwezi, na mara nyingi alasiri huja na mawe yanayopiga mabati na kuchanachana majani chai. Baridi hatuna haja ya kuinunua; tunapewa bure, na chenji juu.

Mpwa wangu si mjinga. Alinijibu kuwa viyoyozi vya siku hizi vyaweza kugeuzwa vikatoa joto badala ya ubaridi. Ni kweli. Tena hufanya hivyo kwa umeme kidogo kuliko hita ya waya, kwa kuwa havitengenezi joto bali hulichota nje na kuliingiza ndani. Kwa kipimo kimoja cha umeme mtu aweza kupata vipimo vitatu hivi vya joto. Huipunguza pia hewa unyevu. Kumbe ndiyo kazi ya kwanza aliyoikusudia Willis Carrier, Mmarekani aliyebuni mtambo wa kwanza wa namna hiyo mwaka 1902, kwa ajili ya kiwanda cha kupiga chapa mjini New York ambamo unyevu uliharibu karatasi. Sisi ambao viatu vyetu huota kuvu kabatini tungefurahia huduma hiyo.

Hata hivyo, hoja zangu ni tatu. Kwanza, mtambo wa nyumba nzima hupimwa kwa ukubwa wa nyumba nzima. Wazee wawili watakaa sebuleni jioni, kisha walale chumba kimoja. Ukifunga vyumba vinginevyo vyote, mtambo ule mkubwa hukosa pa kupeleka hewa yake, ukawa wawaka na kuzimika ovyo, ukila umeme na kujichosha. Pili, mifereji hupita kati ya dari na mabati, mahali penye baridi kuliko pote usiku. Isipofungwa vizuri kwa tabaka la kuzuia joto, utakuwa unawapasha joto panya. Tatu, dhoruba ile ile iletayo baridi ndiyo ikatayo umeme.

Basi kabla ya kuchagua mtambo, na tuchague nyumba. Babu zetu Wakipsigis walijenga nyumba za mviringo, kuta za udongo na paa la nyasi, moto ukiwaka ndani na mbuzi wakilala upande wao. Nayo ilikuwa nyumba iliyogawanywa kwa sehemu, na joto likawekwa walipo watu. Wakoloni waliokuja kulima chai hawakutofautiana nao sana: nyumba za mameneja wa mashamba zilijengwa zikiwa na meko ya ukutani na dohani za mawe. Ni sisi wa leo tulioiga majumba ya pwani na ya Ughaibuni: sebule kubwa kama ukumbi, madirisha ya kioo kutoka sakafuni, sakafu ya vigae, na mabati yasiyo na dari ya maana.

Matokeo yake nimeyaona kwa macho yangu. Nimekaribishwa katika nyumba mpya za kupendeza, nikaketi peke yangu kwenye viti vya ngozi, kumbe mama mwenye nyumba yuko nyuma, katika jiko la zamani lililojaa moshi, kwa sababu ndiko kwenye joto. Wanawe wametumia mamilioni, naye angali akikohoa pale pale walipomwacha.

Jambo la kutisha zaidi ni pale baridi inapomshinda mtu akaingiza jiko la makaa chumbani na kufunga madirisha. Makaa yakiwaka mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Mtu husinzia, asiamke. Nyumba inayomlazimisha mzee kulala na jiko la makaa haijakamilika, hata ikiwa na orofa tatu.

Yatupasa nini? Tuweke dari inayobana, na juu yake tabaka la kuzuia joto. Tuelekeze sebule na chumba cha wazee mashariki, kwa kuwa huku kwetu jua la kuaminika ni la asubuhi; alasiri ni ya mawingu. Vyumba viwe vya kadiri, vyenye milango ifungikayo. Sebuleni pajengwe meko yenye dohani ya kutoa moshi nje. Baada ya hayo, mwenye uwezo na anunue kiyoyozi kidogo cha ukutani kiwezacho kutoa joto, akiweke katika chumba kimoja au viwili vitumikavyo. Huko ndiko kuigawa nyumba kwa sehemu kwa busara.

Sisemi kwamba kanuni hii ni ya kila mahali. Anayejenga Soin, kuelekea tambarare za Kano, au Chepalungu upande wa chini wa Bomet, ana joto la kupambana nalo. Huyo apande miti, ajenge baraza pana, aache hewa ipite. Na akihitaji kiyoyozi, simcheki.

Nilimalizia kwa kumwomba mpwa wangu jambo moja tu: kabla ya kumlipa fundi, ampigie mama yake simu amwulize huketi wapi saa moja usiku, na kwa nini. Ramani ya nyumba ianzie hapo. Nyumba njema si mlango. Wala, nathubutu kuongeza, si mtambo ulio nje ya mlango.