Mombasa au Dar: Kontena Lako Lipite Wapi?

Mwenye duka Kigali akiulizia gharama ya kontena kutoka Guangzhou, wakala humtajia kwanza nauli ya meli. Asiishie hapo. Aulize kontena litakaa bandarini siku ngapi, na nani atalipia siku hizo.

Zikishapita siku za bure, bili mbili huanza kupanda kwa pamoja. Bandari inatoza uhifadhi, na mwenye meli anatoza ucheleweshaji wa kontena lake hadi lirudi tupu, hata kama kilichochelewesha ni foleni ya hapo hapo bandarini. Ndiyo maana wengine hufaulisha mzigo kwenye lori Dar au Mombasa na kuliacha kontena pwani. Unaokoa amana ya kontena, ila unaongeza gharama ya vibarua na hatari ya upungufu.

Kwa barabara, Kigali inaelekea Dar: kilomita 1,450 hivi na mpaka mmoja, Rusumo. Kutoka Mombasa ni kama 1,660, kupitia Malaba kisha Gatuna, na Gatuna ilipofungwa kuanzia Februari 2019 hadi Januari 2022, malori yalilazimika kuzunguka. Wa Kampala hana haja ya kuumiza kichwa: Mombasa iko kilomita 1,170 hivi, Dar zaidi ya 1,700.

Umbali haubadiliki, lakini amri za wakubwa hubadilika, na ndizo zinazoharibu hesabu. Julai 2016 Tanzania ilianza kutoza VAT ya asilimia 18 kwenye huduma za mizigo ya nchi jirani. Wateja wakahama, na mwaka uliofuata kodi ikafutwa. Kenya nayo ilisukuma mizigo kwenye reli ya SGR hadi Nairobi na Naivasha, utake usitake, mpaka Septemba 2022 Rais William Ruto alipoamua mizigo itolewe tena Mombasa.

Sasa bandari hizi zimeshika njia mbili. Mombasa bado inaendeshwa na mamlaka ya serikali, KPA. Dar imeikabidhi kampuni ya DP World gati namba 4 hadi 7 kwa mkataba wa miaka 30 uliosainiwa Oktoba 2023. Mimi sihukumu kwa jina la mwendeshaji. Naangalia meli zinazosubiri nangani.

Mzigo wa Kigali ningeupitisha Dar, baada ya kumwuliza wakala meli za wiki hii zinasubiri gati siku ngapi. Asipojua, tafuta mwingine.