Gurudumu la Tramu ya Kale: Kuchakaa Kwake na Usalama wa Abiria

Katika mji wa New Orleans, nchini Marekani, tramu zilizoundwa miaka ya 1923 na 1924 zingali zikichukua abiria katika barabara ya St. Charles. Huko San Francisco nako, njia iliyofunguliwa mwaka 1995 hutumia tramu za miaka ya 1940, pamoja na nyingine za mwaka 1928 zilizotoka Milan, Italia. Abiria huvutiwa na viti vya mbao na mlio wa kengele. Usalama wao, hata hivyo, hutegemea kitu wasichokitazama, yaani gurudumu.

Gurudumu la tramu lina sehemu tatu za kuzingatiwa: kitovu kinachoshika mhimili, uso unaobingirika juu ya reli, na ukingo unaoshuka kando ya reli kwa upande wa ndani. Tramu haina usukani. Ukingo ndio unaoizuia isiache njia.

Gurudumu huchakaa kwa namna mbili kuu. Kwanza, katika kona, ukingo husuguana na ubavu wa reli ukakonda. Ukingo uliokonda na kuwa mkali waweza kupenya pasipostahili pale njia zinapogawanyika, au hata kuipanda reli. Pili, breki zikibana kwa nguvu wakati reli imelowa, gurudumu hukwama likateleza bila kuzunguka, na uso wake ukapata ubapa. Tangu hapo kila mzunguko huigonga reli kama nyundo. Ndiyo sababu tramu hubeba mchanga wa kumwagwa mbele ya magurudumu.

Joto nalo lina hatari yake. Magurudumu mengi ya kale yamevikwa pete ya feleji, ambayo hupashwa moto ili itanuke, kisha ikipoa hukaza. Breki zinazobana uso wa gurudumu kwa muda mrefu huweza kuitanua tena pete hiyo ikalegea. Kwa hiyo mafundi huchora mstari wa rangi unaovuka kutoka kwenye pete hadi sehemu ya ndani. Pande mbili za mstari zisipolingana, pete imehama.

Tiba ya uchakavu ni kukereza gurudumu ili lirudie umbo lake. Lakini tiba hiyo ina gharama: ili kurudisha unene wa ukingo, fundi hulazimika kupunguza uso wote, na magurudumu mawili ya mhimili mmoja hayana budi kulingana kipenyo. Hivyo chuma kinachoondolewa karakanani huweza kuzidi kile kilicholiwa na reli.

Hapa ndipo wahifadhi hupata mtihani. Tramu iliyowekwa katika jumba la makumbusho yaweza kubaki na magurudumu yake ya asili. Ile inayobeba watu haiwezi: kipimo cha mwisho kikifikiwa, gurudumu hubadilishwa, hata kama ndilo lililotoka kiwandani pamoja na tramu yenyewe.