Upepo Ukizuiwa, Nguvu Yake Yaenda Wapi?

Upepo wa Ziwa Kivu huvuma juu ya mji wa Goma, ukapiga kuta za mawe meusi ya volkano, ukatulia. Je, nguvu ya mwendo wake imepotea? La, wapenzi wasomaji. Imegeuka kuwa joto.

Yafaa tujue kwanza joto ni nini. Hewa ni chembe ndogo mno zisizotulia kamwe. Zikienda mbio ovyo, kila moja na njia yake, hewa huwa ya moto. Zikipunguza mbio, huwa baridi. Lakini upepo ni mwendo wa pamoja: chembe zaelekea upande mmoja, kama wanafunzi watokao darasani kwa mistari. Mlango ukifungwa ghafula mbele yao, mistari yavunjika, kila mmoja amsukuma mwenzake. Mbio hazikwisha; zimetawanyika tu. Mbio hizo zilizotawanyika ndizo joto.

Mbona basi ukuta hauchomi? Kwa sababu upepo wa kilometa 36 kwa saa, ukisimamishwa kabisa, huongezeka joto sehemu 1 tu ya 20 ya digrii. Lakini mwendo ukizidi mara 2, joto huzidi mara 4. Ndege iendayo kilometa 900 kwa saa, hewa inayokwama puani pake huongezeka digrii 30 hivi. Pua ya Concorde, ndege iliyochukua abiria tangu 1976 hata 2003, ilifika digrii 127 hivi, ingawa huko juu ni baridi kali.

Hewa ikibanwa nayo hupata moto. Pistoni isogeapo huzipiga chembe na kuzirudisha kwa mbio kubwa zaidi. Ndiyo maana pampu ya baiskeli huchoma vidole. Msuguano peke yake hautoshi kufanya hivyo. Mwaka 1893 Mjerumani Rudolf Diesel alipata hataza ya injini inayotumia jambo hilo: hewa hubanwa kwa nguvu hata mafuta yakinyunyizwa ndani huwaka yenyewe, pasipo cheche.

Kwa injini za namna hiyo malori huleta Goma viazi na maharagwe ya Masisi. Ringi za pistoni zikilika, hewa huvuja, joto halitoshi, na asubuhi ya baridi lori hukataa kuwaka. Dereva asiseme amerogwa. Na amwite fundi, kabla viazi havijaoza.